Mtoto Hana Jina, Kompyuta Inataka Jina

Mtoto akizaliwa saa tisa usiku hana jina. Katika nyumba nyingi hatalipata usiku huo, wala kesho yake. Babu hajaambiwa, shangazi hajafika, na wapo wanaosubiri siku ya saba au kitovu kikatike. Mkunga hana tatizo na hilo. Anaandika jina la mama kwenye rejista, jinsia ya mtoto, uzito na saa ya kuzaliwa, anamfunga mtoto utepe mkononi, anahamia kitanda kinachofuata. Tatizo huanza siku wodi inapoletewa kompyuta. Kisanduku cha kwanza kinadai jina la mgonjwa, na bila jina hakuna kuhifadhi, hakuna kuagiza kipimo, hakuna kutoa dawa. Mkunga anaandika “Mtoto”. Kitanda cha pili mwenzake naye anaandika “Mtoto”. Wakizaliwa pacha, Kulwa anapita na Doto anakataliwa: mama yuleyule, ukoo uleule, tarehe ileile, kwa hiyo mfumo unaamua kwamba mtu huyu keshaandikishwa.

Nani alisahau kwamba watoto huzaliwa bila majina? Si mtu mjinga. Ni fundi hodari aliyejenga mfumo mzuri bila kukesha hata usiku mmoja wodi ya wazazi.

Tusidhani hili ni tatizo la wenye vifaa duni. Kwa miaka mingi hospitali za Marekani ziliwaandikisha watoto wachanga kwa neno moja la “mvulana” au “msichana” mbele ya jina la ukoo. Chumba cha watoto mahututi kikiwa na wavulana wanne wa ukoo mmoja, daktari alikuwa anachagua kwa macho kwenye orodha ya majina yanayofanana. Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ya Montefiore, New York. Pale walianza kuliingiza jina la kwanza la mama ndani ya jina la mtoto, na maagizo yaliyoandikwa kwa mtoto asiye mwenyewe, kisha kufutwa haraka na kuandikwa upya kwa mwenyewe, yakapungua kwa asilimia 36.3. Kuanzia Januari 2019, Joint Commission, chombo kinachoidhinisha ubora wa hospitali nchini humo, kiliyafanya majina ya kutofautisha wachanga kuwa sharti.

Mkunga wa Newala au wa Kilifi akisikia habari hiyo huenda akacheka. “Mtoto wa Mwanaidi, wa kike” ni maandishi ambayo wakunga wetu wamekuwa wakiyaweka kwenye rejista bila kumsubiri mtafiti. Mtaani sisi humwita mama kwa jina la mtoto, Mama Asha, Mama Juma. Wodini ni kinyume chake, na kila aliyefanya kazi pale anajua kwa nini. Ujuzi huo haukuwa siri. Ulikosa tu mtu wa kuupeleka kwenye meza ambako mfumo unachorwa.

Mtu huyo ni muuguzi aliyesomea mifumo. Huku kwetu bado hatujamzoea. Tukisikia nesi amekwenda kusoma kompyuta, tunasema amechoka na wodi, ametafuta kiti chenye feni. Wapo waliochoka kweli, na sina lawama kwao. Lakini kumwona kila anayekwenda huko kama mtoro ni kukosea, na kosa hilo linazigharimu hospitali zetu fedha na muda.

Tena takwimu si jambo geni lililoletwa kwa wauguzi na mafundi. Florence Nightingale tunamkumbuka kwa taa aliyozunguka nayo usiku hospitalini Skutari, wakati wa vita ya Krimea iliyoanza 1853. Picha ya taa imefunika kazi yake nzito zaidi. Alirudi Uingereza na hesabu za vifo, na mwaka 1858 akatoa michoro ya rangi iliyowaonyesha wakubwa wa jeshi kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Ndiye mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha London.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Ile karatasi yenye mistari miwili ya mshazari inayojulikana kwa kila mkunga ilipata sura yake mwaka 1972 Harare, mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury, mikononi mwa madaktari Philpott na Castle. Swali lao lilikuwa la vijijini: mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya mbali atajuaje kwamba mama huyu apelekwe hospitali sasa, kabla mambo hayajaharibika? Jibu likawa mstari wa tahadhari, unaopanda kwa sentimita moja ya kufunguka kwa njia kila saa, na mstari wa hatua, uliowekwa saa nne kulia kwake. Nukta zikivuka mstari wa kwanza, safari inaandaliwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambao pamoja na mengine unahesabu hatua ya uchungu uliokolea kuanzia sentimita tano. Wazo halijabadilika: taarifa ikusanywe pale anapoihitaji anayefanya uamuzi, saa anapoihitaji. Nimeona programu za gharama kubwa ambazo hazijaifikia akili ya karatasi ile moja.

Afrika Mashariki ina historia yake kwenye jambo hili, nayo haisimuliwi vya kutosha. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kusini ya Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulikuwa mfumo mdogo, kwenye programu ya ofisini ambayo karani yeyote angeweza kuifungua. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret, ambako mpango wa AMPATH ulikuwa umezidiwa na wagonjwa wa VVU, na hapo likazaliwa wazo la OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani.

Watafiti wa Mosoriot walifanya jambo la busara: walipima kwa saa, kabla ya kompyuta na baada yake. Ziara ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22. Muda wa mgonjwa na mtoa huduma ulipungua kwa asilimia 58. Wafanyakazi walizungumza wao kwa wao theluthi mbili chini ya hapo awali.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya muuguzi wa mifumo. Mpe fundi takwimu hizo, atafurahi: foleni inakwenda. Mpe mhasibu, atauliza kama idadi ya watumishi inaweza kupunguzwa. Muuguzi atauliza ni dakika zipi zilizokatwa. Kama ni zile za kutafuta faili lililopotea na kunakili jina mara nne, heko. Kama ni zile ambazo mama, baada ya kukaa kimya na kutazama chini, alikuwa anapata ujasiri wa kusema kwamba jeraha hili si la kuanguka, basi kuna kitu kimepotea na hakuna ripoti itakayokionyesha. Na yale mazungumzo ya wafanyakazi yaliyopungua, yalikuwa umbea au ndiyo makabidhiano yenyewe? Wakati wa kupokezana zamu, nusu ya usalama wa mgonjwa iko kwenye sentensi isiyo na kisanduku: “Yule wa kitanda cha sita simuelewi, mtazameni.”

Kuna hospitali iliyolipia somo hili kwa bei kubwa mno. Mwishoni mwa 2002, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo wa kuandika maagizo ya daktari kwenye kompyuta. Watafiti wa hospitali hiyohiyo walipofuatilia watoto waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, walikuta vifo vimepanda kutoka asilimia 2.80 kabla ya mfumo hadi 6.57 baada yake. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2005, na kwa uwazi huo wanastahili heshima.

Programu haikuwa na hitilafu ya kihesabu. Kilichobadilika ni mwenendo wa kazi. Zamani, simu ikisema mtoto mahututi yuko njiani, wauguzi na madaktari walitayarisha dawa na kuagiza vipimo kabla gari halijasimama. Mfumo mpya haukukubali agizo lolote mpaka mtoto awe amefika na kuandikishwa. Dawa zilizokuwa zikichukuliwa palepale wodini zikahamishiwa famasia kuu. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda akavutwa kwenye skrini. Hospitali ya watoto ya Seattle ilipoweka mfumo wa aina hiyohiyo, ikiwa imejifunza kwa wenzake na kupanga maagizo mapema, vifo havikupanda. Programu ni zilezile, matokeo tofauti. Tofauti ilikuwa kwa waliokaa kuifikiria kazi kabla ya kuwasha mashine.

Nisieleweke kwamba naipinga kompyuta. Hospitali ya Brigham and Women’s ya Boston ilipounganisha skana ya msimbopau na chati ya dawa, makosa ya utoaji dawa, ukiacha yale ya kuchelewa au kuwahi, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8 kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2010. Muuguzi anaskani utepe wa mgonjwa, anaskani dawa, mashine inamwonya kama haviendani. Lakini skana hiyo hiyo ikiwa na waya usiofika kitandani, wauguzi watachapisha nakala za tepe za wagonjwa na kuziskani zote mezani, na ulinzi wote umekwisha. Aliyewahi kugawa dawa za saa kumi na mbili asubuhi kwa wagonjwa 30 anajua hilo kabla ya skana kununuliwa. Asiyewahi atasema wauguzi hawana nidhamu.

Turudi nyumbani. Ingia zahanati yoyote Tanzania utakutana na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya: namba 6 kwa wajawazito, namba 8 kwa uzazi wa mpango, namba 12 kwa wanaojifungua, na vingine kadhaa. Mama mmoja anayejifungua salama huandikwa kwenye kitabu, kwenye patografu, kwenye faili, kwenye kadi yake ya kliniki, kwenye kadi ya mtoto. Mwisho wa mwezi muuguzi huyohuyo anarudi kwenye kitabu, anahesabu kwa vijiti, anajaza fomu ya ripoti, na tarakimu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mfumo huo wa DHIS2 mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, na unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata miaka michache baadaye.

Kisha ikaja mifumo ya ndani ya hospitali, kama GoT-HoMIS kwenye vituo vya serikali. Ni hatua kubwa; mapato yanaonekana, dawa zinafuatiliwa, mgonjwa hapotezewi faili. Lakini tazama mifumo mingi ya aina hii ilianzia wapi: dirisha la malipo, kisha famasia, kisha maabara, kisha daktari. Uuguzi hufikiwa mwisho, ukifikiwa. Na kwa kuwa kitabu hakijaondolewa, mkunga anaandika mara mbili, mchana kwenye karatasi na jioni kwenye kompyuta, umeme ukirudi. Ukiandika jambo mara mbili, moja ya hizo mbili utaiandika kwa mkato. Wanaoshangaa takwimu za kitabu na za mfumo kutolingana wangeshangaa zaidi kama zingelingana.

Nywila nayo ni mkasa. Kila mtumishi amepewa yake na kuapishwa asimpe mtu. Nenda wodini saa nne usiku: kompyuta ni moja, imefunguliwa kwa jina la aliyeingia zamu ya asubuhi, na wote wanaandikia humo. Afisa TEHAMA analalamika, na sheria iko upande wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ilitangulia na ya 2019. Muuguzi anayeijua kazi hatabisha kuhusu sheria. Atamwonyesha kwamba kuingia kwenye mfumo kunachukua dakika nzima, mama anatoka damu, na hakuna binadamu atakayechagua nywila. Kisha watakaa wote wawili kutafuta njia ya kuingia kwa sekunde tatu. Namna hiyo ndiyo sheria inavyotekelezeka.

Kazi yenyewe, basi, ni ipi? Wengi huogopa wakidhani lazima wawe waandishi wa programu. Wachache huwa. Wengi wao husimama katikati: wanakaa na wauguzi kuchora kazi inavyofanyika kweli, si inavyoandikwa kwenye mwongozo, wanawaandikia mafundi mahitaji kwa lugha isiyo na utata, wanajaribu mfumo kabla haujafika wodini, wakiuletea visa vigumu makusudi, kama mama aliyejifungulia kwenye bodaboda, mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, mgonjwa asiye na fahamu wala ndugu. (Kwa wazee, mifumo imejaa watu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Muuguzi mzoefu huuliza, “Uhuru ulipopatikana ulikuwa unachunga au umeoa?” na anapata mwaka ulio karibu na kweli.) Wengine hufundisha wenzao, na hapa muuguzi hana mshindani. Dada wa wodi mwenye miaka 25 kazini hatakiri mbele ya kijana wa TEHAMA kwamba hajui kutumia kipanya. Kwa muuguzi mwenzake atakiri, na watacheka, na atajifunza.

Wamarekani waliitambua fani hii kama ubingwa wa uuguzi mwaka 1992, miaka kumi baada ya mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wauguzi na kompyuta kufanyika London. Huku kwetu njia zipo, ingawa si pana. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Moi, Eldoret, wana ya uzamili. Maabara ya DHIS2 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imezalisha wataalamu wengi. Lakini wengi huanza bila cheti chochote: ni yule ambaye ripoti ya mwezi ikikwama anaitwa yeye. Kama ndiwe, usisubiri ufadhili. Jifunze jedwali la hesabu mpaka uweze kuonyesha, kwa takwimu za wodi yako mwenyewe, jambo ambalo mganga mfawidhi hakulijua. Kisha jifunze namna ya kuuliza hifadhidata maswali. Ni lugha fupi kuliko majina ya mifupa uliyoyakariri chuoni. Na leseni yako ya uuguzi ihuishe kila inapopaswa. Siku itakapokwisha muda, kwenye kikao utakuwa mtu wa TEHAMA asiye fundi na muuguzi asiye na leseni.

Kwa wanaowaza kwenda nje, jambo hili lina uzito wa pekee. Wauguzi wa Kenya wamekuwa wakielekea Ghuba, na tangu makubaliano ya mwaka 2021 wengine wanakwenda Uingereza kwa mpango wa serikali hizo mbili. Huko wodi nyingi zina skrini. Anayefika akijua kwa nini kisanduku fulani kipo hatumii miezi yake ya kwanza kuogopa mashine badala ya kuwasikiliza wagonjwa.

Ubishi mkubwa utatoka kwa matroni na mapatroni, na ni ubishi wa haki. Wauguzi hawatoshi, unamtoaje mmoja wodini kwenda kukaa na mafundi? Nafanya hesabu ya kukisia tu. Hospitali yenye wauguzi 60 kwa siku, kila mmoja akipoteza nusu saa kuandika kitu kilekile mara ya pili, imepoteza saa 30, yaani karibu zamu nne za muuguzi, kila siku. Muuguzi mmoja wa mifumo akiokoa theluthi yake tu ameshalipa nafasi aliyoiacha, na salio linabaki kwa wagonjwa.

Ila kuna sharti, na hapa natofautiana na wanaotaka awe mtu wa ofisini moja kwa moja. Wodi hubadilika. Dawa hubadilika, fomu hubadilika, wafanyakazi huhama. Aliyeondoka wodini miaka mitano iliyopita anaikumbuka wodi ambayo haipo tena, lakini bado anasema kwa kujiamini, na hapo anakuwa na hatari kuliko fundi, maana fundi angalau huuliza. Kwa hiyo muuguzi wa mifumo apangiwe zamu, walau moja kwa wiki, na baadhi ziwe za usiku. Cheo chake kibaki kwenye uuguzi, apandishwe daraja humo, asilazimishwe kuchagua kati ya kada yake na kompyuta. Mkataba wa kununua mfumo unapojadiliwa awemo tangu kikao cha kwanza, siyo siku ya mafunzo ambapo kila kitu kimeshalipiwa. Na apewe mamlaka ya kusema mfumo huu usiwashwe Jumatatu, kwa sababu Jumatatu kliniki ya wajawazito inapokea watu maradufu. Uwashwe Alhamisi, na karatasi ziachwe mezani kwa wiki mbili.

Mafundi wazuri hawachukizwi na mtu wa namna hii. Wanamtafuta. Wamechoka kujenga vitu vinavyofunikwa kwa kitambaa cha mezani baada ya mgeni rasmi kuondoka.